Maziwa ya Mbuzi kwa Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Ukipita katika njia za Katindo asubuhi utaona mbuzi. Mmoja amefungwa kamba kwenye jiwe jeusi la volkano, mwingine anatafuta maganda ya ndizi kando ya barabara, mwingine anaongozwa kwenda kuuzwa. Ukimwuliza mwenyewe mbuzi huyu ni wa kazi gani, atakujibu kwamba ni wa ada ya shule, au wa mahari, au wa nyama ya Noeli. Ni wachache sana watakaokujibu kwamba ni wa maziwa. Na pengine katika nyumba hiyo hiyo yumo mtoto wa miaka miwili ambaye miguu yake imeanza kuvimba.

Tunaandika habari za mbuzi na za mtoto huyo kwa pamoja, kwa sababu chakula anachokosa mtoto kinaweza kutoka kwa mnyama aliyefungwa mlangoni. Lakini maziwa yanaweza pia kuleta ugonjwa, na kwa mtoto mchanga yanaweza kuwa hatari. Kwa hiyo tafadhali usome mpaka mwisho kabla ya kwenda kununua mbuzi.

Ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa

Watu wa Kivu wanaujua ugonjwa huu tangu zamani, na wengi huuita bwaki. Waganga huuita kwashakoo. Watu hudhani neno hilo ni la Kizungu, lakini ni la lugha ya Kiga, inayosemwa Accra katika nchi ya Ghana. Daktari mwanamke jina lake Cicely Williams alikuwa akitibu watoto huko, naye akaandika habari za ugonjwa huu mwaka 1933. Mwaka 1935 akalitumia jina ambalo akina mama wa huko walikuwa wakilitumia tayari, maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale hawakusoma vitabu vya uganga, lakini walikuwa wameona vema jambo lilivyo. Katika Kivu yetu, wataalamu wa kituo cha Lwiro, upande wa Bukavu, waliuchunguza sana ugonjwa huu katika miaka ya 1950.

Mambo huenda hivi. Mama anapata mimba nyingine, anamwachisha mtoto ziwa kwa ghafula. Tangu siku ile mtoto anakula bugali wa muhogo na mchuzi kidogo. Bugali hujaza tumbo na kutia nguvu, lakini haujengi mwili. Mtoto hulala ameshiba, na mwili wake una njaa. Kisha huja kuhara, au surua, au malaria, na kile kidogo alichokuwa nacho kinakwisha. Waganga wa siku hizi wanajua kwamba sababu za bwaki ni nyingi kuliko walivyodhani wale wa kwanza, na magonjwa haya ya kuambukiza yana sehemu kubwa. Lakini mtoto anayepata maziwa, au maharagwe, au sambaza, au mayai kila siku, hushindana nayo vizuri zaidi.

Jifunze kumpima mtoto wako. Bonyeza juu ya nyayo zake zote mbili kwa kidole gumba, uhesabu mpaka tatu, kisha uondoe kidole. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mtoto ana maji mwilini, naye ni mgonjwa, hata kama uso wake unaonekana mnono. Angalia tena nywele kama zimekuwa nyekundu na nyepesi, na ngozi kama inachubuka. Angalia kama mtoto hataki kucheza wala kuguswa. Kwenye kituo cha afya watamzungushia utepe mkononi juu ya kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, kipimo kikiwa chini ya milimita 115 ni hatari kubwa, hata kama miguu haikuvimba.

Mtoto mwenye dalili hizi mlete hospitali siku ile ile. Usianze kumnywesha maziwa mengi nyumbani kwa kusudi la kumrudishia mwili upesi. Moyo wake na tumbo lake havina nguvu ya kupokea chakula kingi mara moja, na mtoto anaweza kufa katika siku za kwanza za kulishwa kwa haraka. Hospitali wanampa kwanza maziwa mepesi yaliyotengenezwa kwa ugonjwa huu, kidogo kidogo, usiku na mchana. Baadaye wanampa mazito zaidi, au siagi ya karanga ya pakiti. Maziwa ya mbuzi wako yatamfaa akisharudi nyumbani, ili asivimbe mara ya pili. Yatawafaa zaidi ndugu zake ambao hawajavimba bado.

Kikombe kimoja cha maziwa ya mbuzi, robo lita, kina karibu gramu 8 za chakula cha kujenga mwili. Mtoto wa miaka miwili anahitaji kama gramu 13 kwa siku. Basi hesabu mwenyewe. Mbuzi anayetoa nusu lita tu, ambayo mfugaji wa ng'ombe wa Masisi ataicheka, anawapa watoto wawili zaidi ya nusu ya haja yao.

Watu wengine hukataa wakisema maziwa ya mbuzi yananuka, au ni chakula cha maskini. Habari ya harufu tutaieleza mbele. Habari ya umaskini, soma Mithali sura ya 27, mistari ya mwisho. Mwenye mifugo anaagizwa pale aangalie sana hali ya wanyama wake, na maziwa ya mbuzi yanahesabiwa kuwa chakula cha nyumba yake yote. Mtu anayesemwa hapo ana mashamba na makundi, si mwombaji.

Mbuzi gani?

Mbuzi wetu wa kienyeji ni mdogo na mvumilivu. Akilishwa vizuri hutoa maziwa kidogo baada ya kumshibisha mtoto wake, kwa miezi mitatu au minne. Mbuzi wa maziwa walitoka Ulaya: Toggenburg na Saanen kutoka Uswisi, na Alpine kutoka milima ya Alpi. Hao hutoa lita moja, mbili, hata tatu kwa siku, na huendelea kwa miezi minane au zaidi. Lakini hutaka chakula kingi na uangalizi mwingi, na mtu akimleta mbuzi wa damu safi na kumfunga kando ya barabara kama mbuzi wa kawaida, atamzika kabla ya mwaka kwisha.

Njia iliyofanikiwa kwa watu wadogo wa Afrika ya Mashariki ni ya kuchanganya damu. Katika miaka ya 1990 wakulima wa Meru, nchi ya Kenya, walianza kuwapandisha mbuzi wao kwa mabeberu wa Toggenburg, beberu mmoja akitumiwa na jamaa nyingi. Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru nchi ya Tanzania, mbuzi wa maziwa wa kutoka Norwe waliletwa mwaka 1988 kwa msaada wa Chuo cha Kilimo cha Sokoine. Watu wa Mgeta wana vishamba vidogo kwenye miteremko mikali, ambako ng'ombe hawezi kusimama, na mbuzi wakakubali. Goma nayo si nchi ya joto. Tuko juu ya bahari karibu mita 1,500, na baridi ya usiku ambayo sisi tunailalamikia huwapendeza mbuzi hawa.

Mtu aliyeona picha za alpaka katika simu anaweza kuuliza kwa nini tusifuge hao, kwa kuwa nao huishi milimani. Alpaka ni jamaa wa ngamia, kwao ni Peru na Bolivia, nao hufugwa kwa ajili ya sufu yao, ambayo ni laini na ya bei kubwa. Maziwa yake humtosha mtoto wake tu. Sufu nzuri hainyweki, na sisi tunaangalia mtoto.

Ukinunua mbuzi, usimnunue kwa macho ya mchinjaji. Shika kiwele chake. Kiwe laini, kisiwe na donge wala joto, na chuchu ziwe mbili, zilizo sawa. Tazama meno, kwato na macho. Kope za ndani ziwe nyekundu, kwa maana zikiwa nyeupe minyoo wanamla. Uliza kama amewahi kutupa mimba, na jibu likiwa la kusitasita, nenda kwa mwingine. Ukimfikisha nyumbani, usimchanganye na mbuzi wengine kwa wiki tatu au nne, uone kama ameleta ugonjwa. Mwulize pia daktari wa mifugo juu ya chanjo ya sotoka ya mbuzi, kwa maana ugonjwa huo ukiingia katika mtaa huua mbuzi wengi kwa siku chache, na chanjo yake hukinga kwa miaka mitatu au zaidi.

Kumlisha juu ya mawe

Wazee walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kwa mbuzi wa nyama ni kweli, lakini mbuzi wa kamba hatoi maziwa. Nchi yetu ya Goma ni ya mawe. Moto wa Nyiragongo ulishuka mwaka 1977, ukashuka tena tarehe 17 Januari 2002 ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na tena tarehe 22 Mei 2021. Katika parseli nyingi za Katindo ukichimba kwa jembe unasikia mlio wa jiwe. Mbuzi akifungwa hapo atakula karatasi, na mbaya zaidi atakula sasheti za plastiki. Plastiki haitoki tumboni. Inajikusanya kama mpira, mnyama anakonda huku tumbo limejaa, mpaka siku anachinjwa na watu wanashangaa.

Kwa hiyo mbuzi wa maziwa akae nyumbani, na chakula kimfuate. Mbuzi wa kilo 40 anataka kama kilo 4 za majani mabichi kila siku, naye anapoteua huacha mengi, basi mletee zaidi. Mpe mashina ya viazi vitamu, majani ya ndizi, matete, mabua ya mahindi, na maganda ya maharagwe baada ya kuvuna. Matawi ya kaliandra au lusina yana chakula cha kujenga mwili kama maharagwe yalivyo kwetu, na kaliandra michache iliyopandwa kwenye mpaka wa parseli, mahali palipo na udongo kati ya mawe, huleta majani kwa miaka mingi. Majani mabichi ya muhogo yana sumu. Yaanike yanyauke kabisa kabla ya kumpa, na hata hivyo yawe machache. Akina mama wanaosonga sombe wanajua kwa nini sombe hupikwa muda mrefu.

Volkano ikitoa moshi na majivu, osha majani kabla ya kumpa mnyama. Majivu yale yana floridi, ambayo huharibu meno na mifupa ya wanyama na ya watu. Majani yafungwe juu, katika kitita kinachoning'inia, kwa sababu mbuzi ni mnyama wa kuchagua. Chakula kilichoanguka na kukanyagwa hatakigusa tena, na akikigusa atameza mayai ya minyoo.

Kuna jambo moja la nchi yetu ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji, nalo ni mazuku. Kati ya Goma na Sake, hasa karibu na ziwa, hewa mbaya ya kaboni hutoka chini ya ardhi. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tunayopumua, kwa hiyo hulala katika mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Haionekani. Mbuzi kichwa chake ni karibu na nchi, naye hufa kabla ya mchungaji kujua kuna nini. Mchungaji akiinama kumvuta mbuzi wake, naye huanguka. Ukiona ndege au panya wamekufa shimoni bila jeraha, usishuke. Usimtume mtoto kukata majani mahali pa namna hiyo, na usijenge banda la mbuzi bondeni.

Banda si kazi ya gharama. Weka mawe ya volkano, ambayo hayana bei, yawe nguzo. Juu yake tandika mbao au mianzi, ukiacha nafasi ya upana wa kidole kati ya mbao na mbao, ili mavi na mkojo vianguke chini na kwato zisivunjike. Sakafu iwe juu ya nchi kiasi cha kufika magotini au zaidi. Mbuzi mkubwa mmoja anataka nafasi ya mita moja na nusu ya mraba. Paa lisivuje, na upande wa upepo uzibwe, maana mbuzi haogopi baridi kama anavyoogopa kulowa. Jenga mbali na jiko na kisima, na mavi yaondolewe kila siku mbili tatu. Yakioza yatie katika magunia yenye udongo, upande lengalenga humo. Juu ya mawe haya hatuna udongo mwingine mzuri kushinda huo.

Maji hutaabisha wengi. Mbuzi anayekamuliwa hunywa kama lita 5 kwa siku, na wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, zaidi. Hiyo ni robo ya bidoni. Mwenye nyumba anayenunua maji kwa bidoni aifanye hesabu hiyo kabla hajanunua mbuzi, kwa sababu asiyekunywa hatakamuliwa. Mpe chumvi pia, jiwe la chumvi la kulamba.

Kukamua na kuchemsha

Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa mazuri, na sisi ndio tunaoyaharibu. Mkamuaji anawe mikono kwa sabuni na akate kucha. Kiwele kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kikaushwe kwa kitambaa safi ambacho hakifanyi kazi nyingine. Mkamuo wa kwanza wa kila chuchu utupwe juu ya kitambaa cheusi. Yakionekana madonge au damu, kiwele kina ugonjwa. Maziwa hayo yasinywewe na mtu, na mbuzi huyo akamuliwe wa mwisho. Akipigwa sindano ya dawa, mwulize daktari wa mifugo ni siku ngapi maziwa yasitumiwe, uzishike siku hizo bila kupunguza.

Chombo kiwe cha sufuria au cha chuma, chenye mdomo mdogo, kilichooshwa kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini. Watu wa Goma hawajasahau Julai 1994, wakati kipindupindu kilipoua maelfu mengi ya wakimbizi kwa siku chache. Maji ya ziwa yasiyotiwa dawa yasiguse chombo cha maziwa. Bidoni ya plastiki iliyotiwa mafuta zamani haioshwi ikatakata, usiitumie.

Na ile harufu? Nyingi hutoka kwa beberu. Beberu ana harufu kali, na maziwa huivuta. Mtenge beberu mbali na majike, usimkamue jike banda likiwa chafu, uchuje maziwa mara moja kwa kitambaa safi, uyachemshe, uyaweke mahali pa baridi. Mgeni wako hatajua ni ya mbuzi mpaka umwambie.

Sasa juu ya kuchemsha. Katika karne ya 19 askari wa Uingereza waliokaa kisiwa cha Malta walikuwa wakishikwa na homa inayokuja na kuondoka, kwa wiki na miezi, pamoja na maumivu ya viungo na jasho la usiku. Mwaka 1887 daktari David Bruce akaonyesha kidudu kinacholeta homa hiyo. Lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi mpaka mwaka 1905, wakati daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipopima damu ya mbuzi. Mbuzi wale walikuwa wazima kwa macho. Walikuwa wakipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya mnunuzi, na kila mtu alisema maziwa mabichi namna hiyo hayawezi kuwa na ubaya. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa hayo, na homa kati yao ikapungua sana.

Homa hiyo, inayoitwa bruselosi, iko Afrika ya Mashariki na Kongo pia. Wagonjwa wake huja kwetu wakiwa wamekunywa dawa za malaria mara tatu, mara nne, bila kupona. Homa ikikurudia na viungo vinauma, mwambie mganga kwamba unafuga mbuzi au unakunywa maziwa mabichi, maana asipojua hatapima. Hutibiwa kwa dawa za wiki sita au zaidi.

Chemsha maziwa yote, hata ya mbuzi wako mwenyewe, hata mbuzi akiwa mnono na mwenye afya. Yaache yapande kabisa, uyakoroge, kisha uyaondoe motoni. Anayependa mtindi, ambao wengi hapa huita mashanza, achemshe kwanza, apoze, kisha atie kijiko cha mtindi wa jana. Kugandisha maziwa mabichi hakuui kidudu cha bruselosi kwa hakika. Najua wazee wetu wamekunywa maziwa mabichi maisha yao yote na wengine wana miaka 80. Wale waliokufa hawapo wa kutoa ushuhuda.

Tena mbuzi akitupa mimba, usishike kitoto kile wala kondo kwa mikono mitupu, wala usiwape mbwa. Zika katika shimo refu, au choma moto. Mama mwenye mimba asimsaidie mbuzi kuzaa hata kidogo, kwa sababu vidudu vya namna hii huweza kumharibia mimba yake mwenyewe.

Nani asipewe

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 asipewe maziwa ya mbuzi. Ziwa la mama linamtosha kwa chakula na kwa maji. Najua kuna bibi wanaosema maziwa ya mbuzi yanafanana na ya mama. Hayafanani. Yana chumvi nyingi mno kwa figo za mtoto mchanga, na hayana foliki ya kutosha wala chuma, vitu ambavyo damu hutengenezwa kwavyo. Mtoto mchanga aliyelelewa kwa maziwa ya mbuzi peke yake hupata upungufu mkubwa wa damu. Nyumba ikipatwa na msiba wa mama kufa katika uzazi, usikimbilie banda la mbuzi. Mlete mtoto hospitali upesi, tutafute pamoja njia, pengine kuna shangazi au bibi ambaye anaweza kumnyonyesha, pengine kuna maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa wachanga.

Baada ya miezi 6 mtoto huendelea kunyonya, na maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa yanaweza kutiwa katika uji wake wa mtama, soya na mahindi. Akitimiza mwaka mmoja anaweza kunywa kwa kikombe, kikombe kimoja au viwili kwa siku, siyo zaidi. Anayeshiba maziwa tu hataki maharagwe, lengalenga wala matunda, na damu yake hupungua. Tumia kikombe, usitumie chupa ya kunyonya, kwa sababu chupa haioshwi vizuri na huleta kuhara. Na mama anyonyeshaye aonje kabla ya baba, kama yapo ya kutosha mmoja tu. Akina baba mtanisamehe.

Wakati maziwa yanapokatika

Jike hutaka beberu kila baada ya siku 21 hivi, kwa siku moja au mbili tu. Hutikisa mkia, hulia, hakai kimya. Usimpandishe kabla hajatimiza mwaka mmoja na kuwa na mwili wa kutosha. Asipandwe na baba yake wala ndugu yake, maana uzao hudhoofika. Hapa ndipo kanisa linaweza kusaidia. Washirika watano au sita wa mtaa mmoja wanaweza kuwa na beberu mmoja mzuri, na baada ya mwaka mmoja na nusu wakambadilishana na beberu wa mtaa mwingine kabla hajawafikia binti zake. Makanisa mengine humpa mshirika mbuzi jike kwa sharti kwamba mwana-mbuzi jike wa kwanza apewe jirani. Mkulima wa Marekani, Dan West, wa Kanisa la Ndugu, aliianza kazi ya namna hiyo kwa ng'ombe. Shehena ya kwanza ilikwenda Puerto Rico mwaka 1944. Kwa mbuzi ni rahisi zaidi, na mwana-mbuzi wa kwanza apewe nyumba yenye mtoto mdogo, si nyumba ya mzee wa kanisa.

Mimba ni ya miezi mitano. Mwana-mbuzi akizaliwa, anyonye dang'a la kwanza katika saa chache, asikose, maana ndilo kinga yake. Wiki ya kwanza usikamue chochote. Baadaye mtenge mwana-mbuzi na mama yake wakati wa usiku, mahali pa joto ambapo wanasikiana, ukamue asubuhi, kisha mwache anyonye mchana kutwa. Hivyo mtoto wako na mtoto wa mbuzi wote wawili wanapata.

Miezi miwili kabla ya kuzaa tena, acha kukamua. Jike anahitaji nguvu hizo kwa mtoto aliye tumboni, na ukilazimisha utapata maziwa kidogo sasa na kiwele kibovu baadaye. Punguza polepole, mara moja kwa siku, kisha siku moja baada ya siku. Jamaa yenye majike wawili ihakikishe hawazai wakati mmoja, ili mmoja akikauka mwingine akamuliwe. Mwenye mmoja tu ajitayarishe mapema kwa ajili ya miezi ile. Sambaza wakavu waliosagwa unga, kijiko kimoja kikubwa ndani ya uji wa mtoto asubuhi na jioni, pamoja na maharagwe yaliyopondwa na kutolewa maganda, yatashika mahali pa kikombe cha maziwa mpaka jike azae.